Tenki jipya la samaki Arusha na Moshi: ulikomaze kwa samaki, kwa dagaa, kwa amonia ya kupima au kwa sponji ya kuomba?

Tenki limeshafika, mchanga umeoshwa, maji yamejaa, filta inazunguka na kila kitu kinaonekana kisafi, alafu muuza samaki anakwambia njoo hata kesho uchukue. Naomba usiende kesho. Maji masafi kwa macho na maji yaliyo tayari kwa samaki ni vitu viwili tofauti kabisa, na samaki wengi wanaokufa wiki mbili tatu za mwanzo sio kwamba "hawajazoea baridi ya Arusha" kama watu wanavyosema, wanakufa kwa sumu wanayoitoa wenyewe mwilini ambayo tenki jipya bado halina uwezo wa kuiondoa. Kulipatia tenki huo uwezo ndo kukomaza, na njia zipo kadhaa. Hapa nazilinganisha kwa muda, kwa gharama, kwa upatikanaji wa vitu huku kwetu, lakini zaidi kwa swali moja ambalo mimi ndo naliangalia kuliko yote: ukikosea kidogo, anaumia nani?

Kwanza tuelewane kinachotokea mle ndani. Samaki anatoa amonia, nyingi inapitia kwenye matamvua, na chakula kilichobaki chini kikioza nacho kinatoa amonia. Kuna bakteria wanaoila hiyo amonia wakaitoa kama nitriti, ambayo nayo ni sumu, alafu kuna kundi lingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati ambayo samaki anaivumilia vizuri tu mpaka utakapobadilisha maji. Kundi hilo la pili zamani vitabu vyote viliandika ni Nitrobacter, mpaka utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1998 ukaonyesha kwamba kwenye akwariamu za maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kazi hiyo inafanywa hasa na jamii ya Nitrospira. Sa kinachotutesa wote ni kwamba hawa bakteria ni wazito kuzaliana. Wale wa kuozesha vitu wanajigawa ndani ya dakika kadhaa, hawa wetu wanachukua karibia siku nzima kuongezeka mara mbili, na hapo joto na hewa viwe vizuri. Na hawaogelei ogelei kwenye maji, wanashika kwenye sponji, mchanga, mawe, kuta za kioo. Hili la mwisho liweke akilini, litarudi.

Sumu ya amonia inategemea pia pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, namba ikipanda uchachu unapungua. Ikiwa pH ni 7 na maji yana nyuzi 25, chini ya asilimia 1 tu ya amonia yote ndo iko kwenye hali ile kali inayochoma matamvua, ila pH ikifika 8 inakuwa kama asilimia 5, na kwenye 8.5 inakaribia 15. Yaani kipimo kinasoma namba ileile lakini samaki wa nyumba moja anakula vizuri na wa nyumba nyingine yuko juu anahema. Kwahiyo mtu wa mkoa mwingine akikwambia "mimi niliweka samaki siku hiyohiyo na hawakufa", muulize maji yake yakoje kabla hujamfuata.

Kukomaza na samaki ndani, au bila samaki

Hapa ndo njia panda kubwa, hayo mengine yote ni matawi.

Njia ya samaki ndani ni ya zamani: unaweka samaki wawili watatu wagumu, gapi au danio wenye mistari, wao ndo wanatoa amonia, bakteria wanakua taratibu, unaongeza wengine baadae. Faida yake kweli ipo, hamna cha ziada cha kununua na tenki lina uhai tangu siku ya kwanza, watoto wanafurahi. Lakini ukiifanya kwa haki ina kazi kuliko zote. Unapima kila siku, sio kila wiki. Amonia ikigusa nusu miligramu kwa lita unabadilisha maji, kwa pH za Arusha, ambazo mara nyingi ziko juu, mimi ningesema hata robo tu ubadilishe, na nitriti ikianza kupanda unabadilisha tena, wiki tano sita unabeba ndoo. Unalisha kidogo sana, siku moja moja unaruka. Nitriti ikikushinda kuna msaada wa chumvi ya kawaida, nusu gramu hadi gramu moja kwa lita, manake kloraidi ya chumvi inagombania mlango mmoja na nitriti kwenye matamvua na hiyo nitriti inaingia kidogo. Nitriti ikiingia kwenye damu inaifanya ishindwe kubeba hewa, damu inakuwa ya kahawia, ndo pale unakuta samaki anahema juu ya maji wakati pampu ya hewa inapuliza vizuri tu na mwenye tenki anashangaa.

Na hata wakipona, matamvua yaliyochomwa hayarudi yalivyokuwa kirahisi. Ukikosea kipimo siku moja, ukasafiri wikiendi kwenda kijijini Marangu, mtoto akamwaga chakula, anayelipa ni samaki. Kwahiyo msimamo wangu uko wazi, hii njia ni ya kumwokoa mtu ambaye tayari ameshaletewa samaki zawadi na hana pa kuwapeleka. Haifai kuwa mpango wa mtu anayeanza kwa hiari yake.

Bila samaki, unalisha bakteria kwa amonia inayotoka sehemu nyingine, tenki linakaa tupu wiki tatu mpaka sita, na ukikosea hakuna anayeumia, unamwaga maji nusu unaendelea. Amonia ikipanda mpaka miligramu 4 kwa lita hakuna kesi. Kasoro yake ni moja tu, subira. Tenki tupu sebuleni linachosha, wageni wanauliza samaki wako wapi, na hapo ndo wengi wanakata tamaa wiki ya tatu wakati nitriti iko juu kabisa na bado kidogo tu ishuke.

Dagaa au amonia ya kupima

Ukishaamua bila samaki, swali linalofuata ni chakula cha bakteria utatoa wapi. Wenzetu wa nje wananunua chupa ya amonia safi. Huku kwetu ukienda kuulizia utapewa dawa ya kusafishia vioo yenye sabuni na manukato, hiyo usiguse, itikise chupa, ikitoa povu linalokaa iache dukani.

Dagaa ndo rahisi kuliko vyote. Soko la Kilombero, Mbuyuni, popote utapata, na kiasi unachohitaji ni kidogo mpaka muuzaji atakushangaa. Chagua dagaa wa Mwanza wanaoanikwa, waoshe mchanga, usichukue wale waliochemshwa na chumvi. Hesabu yake iko hivi, dagaa mkavu karibia asilimia 60 ni protini, na protini ina naitrojeni kama asilimia 16, kwahiyo gramu moja ya dagaa ikioza yote kwenye tenki la lita 60 inatoa amonia kama miligramu 2 kwa lita, ambayo ndo kiwango kizuri. Gramu moja ni dagaa wachache tu wadogo! Mtu akitupia kiganja kizima ameshafanya supu.

Waweke ndani ya soksi nyembamba ya kike, funga fundo, ning'iniza karibu na filta. Siku ya pili hamna kitu. Siku ya nne hivi dagaa wamevaa utando mweupe kama pamba, maji yameingia ukungu wa maziwa, na ukifungua mfuniko kuna harufu. Usiogope na usimwage maji, huo ukungu ni wale bakteria wa kuozesha wamechangamka, wanatulia wenyewe baada ya siku kadhaa, ongeza tu hewa manake wanakula oksijeni nyingi. Kasoro ya dagaa ni kwamba huna usukani. Amonia inatoka kwa kasi ya kuoza, leo kidogo kesho nyingi, na dagaa akiisha hujui kirahisi kama amonia imeshuka kwa sababu bakteria wameila au kwa sababu chakula kimeisha. Chakula cha samaki cha vidonge kinafanya kazi ileile kwa taabu zilezile, ila kinachafua mchanga zaidi.

Amonia ya kupima ndo yenye usukani. Kama unaweza kupata amonia kloraidi kwa mtu anayeuza vifaa vya maabara za shule, ni gramu 0.63 kwa lita 100 unapata miligramu 2 kwa lita. Mbolea ya SA inayouzwa maduka ya pembejeo nayo ni amonia salfeti, asilimia 21 ni naitrojeni, hiyo ni gramu 0.78 kwa lita 100. Chini ya gramu moja, kwahiyo mzani wa jikoni hauwezi, tafuta ule mdogo wa mfukoni kama wa masonara, au pima gramu 8 ukazikoroga kwenye lita moja ya maji masafi alafu kila ukihitaji unachota mililita 100 kwa tenki la lita 100. Mbolea ni mbolea lakini, haikutengenezwa kwa ajili ya viumbe vya maji na usafi wake sio wa maabara, kwahiyo anayeitumia abadilishe maji karibia yote kabla samaki hawajaingia. Usichanganye na mbolea nyingine kisa zote ni chembe nyeupe: CAN tayari ina nitrati ndani yake itakuvurugia vipimo, DAP ina fosfati utafuga mwani wa kijani, na Urea inatakiwa kwanza ivunjwe ndo iwe amonia, kwahiyo unaweka, unapima unaona sifuri, unaongeza, baada ya siku mbili inakuja yote kwa pamoja.

Mimi ningechagua hivi: una vipimo vya matone (vile vya kudondoshea dawa kwenye kichupa cha maji ya tenki yakabadilika rangi) na mzani, chukua ya kupima. Huna mzani, chukua dagaa, weka kidogo, na uwe tayari kusubiri wiki mbili za ziada. Huna vipimo kabisa basi hakuna njia ya bila samaki itakayokusaidia kujua lini umefika, kwahiyo hela ya kwanza kabla hata ya hita iende kwenye vipimo. Vya matone ni bora kuliko vile vya karatasi, na kile cha nitrati chupa ya pili itikise kwa nguvu nusu dakika nzima la sivyo kitakudanganya. Soma rangi dirishani mchana, kichupa kikiwa kimegusa ile kadi nyeupe. Taa za manjano za sebuleni zinafanya njano ya amonia sifuri ionekane kama imeanza kuwa kijani, watu wanahangaika na amonia ambayo haipo.

Sponji ya tenki lililokomaa

Kama kuna njia inayozipita zote ni hii, na kwa huku kwetu inategemea kitu ambacho tunacho kuliko vifaa, yaani watu. Umkute mwenye tenki lenye miezi mingi, samaki wake wazima, akukatie nusu ya sponji ya filta yake au akupe zile kokoto za ndani, unaweka kwenye filta yako na bakteria wameshafika wakiwa kamili. Muda unashuka kutoka wiki tano mpaka wiki moja au mbili, saa ingine hata siku chache kama tenki lako ni dogo.

Sharti ni usafiri. Sponji ikae kwenye maji ya tenki lake, sio ya bomba manake klorini itawaua njiani, na wasikae bila hewa muda mrefu. Kutoka Moshi mpaka Arusha ni kilomita kama 80, masaa mawili kwa kosta, hapo ndoo yenye mfuniko wazi kidogo au kapampu ka betri kanatosha. Usiifunge kwenye mfuko ukaiacha kwenye gari inaungua jua huku unapitia shughuli nyingine. Ukifika iweke moja kwa moja kwenye filta, washa, alafu uwape amonia au dagaa siku hiyohiyo, wasipokula wanaanza kupungua.

Watu wengi wanaomba maji ya tenki la zamani badala ya sponji, wanajaza ndoo mbili wanashukuru. Kumbuka nilisema hawa bakteria wanashika kwenye vitu, maji yenyewe yana wachache mno, umebeba nitrati na uchafu wa mwenzio. Omba sponji, na hata ikiwa nyeusi inatisha kuangalia usiioshe, kamua mara moja tu ndani ya maji yake mwenyewe.

Hatari ni magonjwa. Sponji inaleta kila kilichopo kwenye tenki lile, vimelea vya madoadoa meupe, konokono, mwani. Kwahiyo muulize mwenyewe kwa heshima, dada au kaka tenki lako limepata ugonjwa hivi karibuni? Umeingiza samaki wapya mwezi huu? Kama jibu ni ndio, subiri au tafuta mwingine. Sponji ya dukani kwenye tenki la kuuzia mimi siitaki hata nikipewa bure, pale samaki wanaingia na kutoka kila wanapopokelewa kwenye basi kutoka Dar, huwezi jua nini kimepita.

Bakteria wa chupa

Hapa sina mengi. Zipo za kweli na zinafanya kazi, shida ni safari. Hawa bakteria hawatengenezi yai gumu la kujificha wakati wa shida kama wengine, kwahiyo chupa iliyokaa bohari la joto na kwenye buti la basi inaweza kuwa na maiti tupu, na chupa zingine ndani yake sio hata hawa wetu, ni wale wa kuozesha uchafu. Angalia tarehe, muulize muuzaji ameiweka wapi. Ukinunua, itumie kama nyongeza kwenye tenki lisilo na samaki: weka amonia miligramu 2, mimina chupa, pima kila siku. Amonia ikishuka ndani ya wiki, umepata nzuri. Isiposhuka umepoteza hela tu, hakuna samaki aliyekufa. Ila kumimina chupa asubuhi na kuweka samaki jioni kwa sababu lebo imesema, hapana.

Mimea mingi

Hii naipenda, na kwa mtu mwenye dirisha lenye mwanga au taa nzuri inaweza kushindana na sponji. Mimea ya maji inayokua haraka inapendelea kula amonia kabla ya nitrati, kwahiyo ukijaza tenki, nasema kujaza kweli, zaidi ya nusu ya sakafu pamoja na inayoelea juu, amonia inaliwa kabla haijafika popote na bakteria wanakuja nyuma taratibu bila kelele. Hata lile ua la kutambaa la ndani wanaloita maniplanti, mizizi yake ikining'inia kwenye maji na majani yakiwa nje, inasaidia sana.

Kasoro ni kwamba mimea mitatu ya mapambo haihesabiki, na mmea uliotoka kuhamishwa unaanza kwa kuoza majani kabla haujashika, yaani wiki mbili za mwanzo wenyewe ndo unatoa amonia. Usubiri uone majani mapya. Na tafadhali mimea inunuliwe au iombwe kwa wenzako. Usiende kuchota Duluti au ziwa Chala, na mabaki ya tenki lako usiyapeleke huko. Chala kuna perege ambaye hapatikani sehemu nyingine yoyote duniani, Oreochromis hunteri, na kitu kidogo kikiingia mle hakitoki. Gugu maji ndo usiliguse kabisa, tunajua lilichofanya Ziwa Victoria.

Maji ya Arusha na maji ya Moshi hayafanani

Ushauri wa mtandaoni umeandikwa kwa maji ya watu wengine, kwahiyo hapa tuongee ya kwetu.

Arusha iko kama mita 1,400 juu ya bahari na mwezi wa saba usiku tunashuka mpaka nyuzi 12, 13. Tenki lisilo na hita kwenye chumba cha kawaida litakaa 18 mpaka 20, na bakteria wetu wanapenda 25 mpaka 28. Maana yake kukomaza kwa wiki nne kunaweza kuwa wiki nane na hamna kosa lolote ulilofanya. Kama unaanzia Juni mpaka Agosti, hita ni lazima, wati moja kwa lita moja ni kadirio zuri, hata kama samaki unaotaka ni goldifishi ambao hawahitaji joto, hita hiyo ni ya bakteria, ukishamaliza utaizima. Moshi iko chini, mita 800 na kitu, joto lipo karibia mwaka mzima, pale hata bila hita utakwenda. Shida ya Moshi ni Januari mpaka Machi maji yakipanda juu ya 28, hewa ndani ya maji inapungua, ongeza mapovu.

Alafu kuna kilichomo. Maji mengi yanayotoka miteremko ya Meru yana sodiamu na bikaboneti nyingi na kalsiamu kidogo, pH mara nyingi inazidi 7.5 au 8, pamoja na ile floraidi ambayo wote tunaijua kwenye meno ya watu wa huku. Hiyo bikaboneti ni habari njema kwa kukomaza, manake bakteria wanapogeuza amonia wanaila hiyo bikaboneti, karibia miligramu 7 (zikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti) kwa kila miligramu 1 ya naitrojeni, na Arusha wana akiba ya kutosha. Lakini pH ileile ya juu ndo inafanya amonia iwe kali, kwahiyo kwa Arusha njia ya samaki ndani ni mbaya zaidi kuliko sehemu nyingi. Floraidi yenyewe haiondoki kwa kukomaza, haiondoki kwa kuchemsha, ukichemsha ndo unaizidisha maana maji yanapungua yenyewe inabaki. Kama eneo lako ni lile la floraidi nyingi sana, changanya na maji ya mvua.

Sema mvua tupu nayo ina mtego. Haina bikaboneti, bakteria wakianza kazi pH inaporomoka, ikishuka chini ya 6.5 wanazembea, kwenye 6 ni kama wamelala, na wewe unaona amonia imegoma wiki mbili haishuki haipandi. Nusu mvua nusu bomba inatosha, au weka kamfuko ka maganda ya konokono kwenye filta, au kijiko kidogo cha bekingi soda. Usitumie magadi, nimeona watu wanashauriana hivyo. Magadi ni kali, yanapandisha pH kwa ghafla na mengi yamebeba floraidi tele, yaani unaongeza kilekile unachokikimbia. Moshi maji ya chemchemi za Kilimanjaro kama Nsere na Shiri kwa kawaida ni mepesi zaidi, pima bikaboneti yake kabla hujaanza kuchanganya na mvua.

Wote wa bomba, klorini: acha maji kwenye ndoo wazi siku nzima yakipulizwa hewa ndo uyaingize. Na kabla ya yote pima nitrati ya maji ya bomba au kisima chako yenyewe. Kama yanatoka na 10, basi 10 kwenye tenki sio ushahidi kwamba umekomaza.

Umeme nao unaingia kwenye kuchagua. Filta ya kopo iliyofungwa, umeme ukikatika masaa mengi, bakteria wa mle ndani wanakosa hewa na ukirudi inakumwagia uchafu wa sumu ndani ya tenki. Filta ya sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa iko wazi ndani ya maji, inavumilia zaidi, na pampu yake ndogo inakubali betri au sola. Kwa tenki la kwanza chini ya lita 100, mimi ningekushauri sponji, tena ziwe mbili, siku moja utampa mwenzio moja.

Sasa we uko upande gani

Kama unamjua mtu mwenye tenki zima lenye afya, usifikirie mara mbili: sponji yake, amonia ya kupima au dagaa kidogo, bila samaki, hita kama uko Arusha. Humjui mtu lakini una vipimo na subira, amonia ya kupima, wiki nne mpaka sita, na chupa ya bakteria kama umeipata mpya. Huna mzani, dagaa. Una mwanga na unapenda bustani, jaza mimea, ongeza dagaa mmoja mmoja. Samaki wameshafika na huwezi kuwarudisha, basi samaki ndani pamoja na mimea yote utakayoipata, vipimo kila siku, na ndoo ya maji yaliyotolewa klorini iwe inakusubiri pembeni muda wote.

Kwa njia zote za bila samaki, kujua umefika ni hivi: unaweka amonia ifike miligramu 2, baada ya masaa 24 unapima, amonia sifuri na nitriti sifuri, nitrati imepanda. Rudia siku inayofuata, ikijibu vilevile ndo tayari. Amonia sifuri huku kipimo cha nitriti bado kina rangi ya zambarau, yaani nitriti bado ipo, haijafika, hapo watu wengi wanadanganyika. Ikifika, badilisha maji mpaka nitrati ishuke chini ya 20, linganisha joto, na samaki waingie ndani ya siku moja au mbili manake bakteria wasio na chakula wanapungua. Tenki lililokomazwa kwa miligramu 2 linaweza kupokea kundi la samaki wadogo kadhaa kwa pamoja, sio lazima mmoja mmoja, ila lile la mimea na lile la sponji ndogo anza na wachache, pima siku ya pili na ya nne, ikibaki sifuri ongeza wengine wiki inayofuata.

Na sponji ukishaanza kuisafisha baadae, iwe kwenye ndoo ya maji ya tenki, kamwe sio chini ya bomba.